Siri Iko Kwenye Kasi ya Ulimi

Kwenye masoko ya mitaani ya London katikati ya karne ya 19, mnunuzi aliyeinama kuchagua samaki angeweza kumsikia muuzaji akimtupia mwenzake neno moja, "kanitseeno", naye asishtuke hata kidogo. Ni neno la Kiingereza lililogeuzwa nyuma mbele, na maana yake ni kwamba mzigo unanuka. Mnunuzi amesimama pale pale, samaki anayesemwa yuko mkononi mwake, lugha ni ile aliyoipata kwa mama yake, na bado ameachwa nje ya mazungumzo.

Wachuuzi hao walisukuma mikokoteni ya matunda, mboga na samaki kutoka masoko ya jumla hadi vichochoroni. Mwandishi wa habari Henry Mayhew aliwafuata, akawahoji, akawasikiliza, na mwaka 1851 akatoa kitabu kikubwa kuhusu wafanyakazi na maskini wa jiji hilo. Humo ndimo tunamosoma kwamba peni waliiita "yennep", kutoka "penny". Kopo la bia, "pot of beer", likawa "top o' reeb". Mvulana, "boy", akawa "yob", na ndiyo, "yes", ikawa "say". Biashara ikichangamka ilikuwa "doogheno", ikidoda "dabheno". Lakini neno walilolihitaji kuliko yote lilikuwa la polisi. London ilipata jeshi lake la polisi mwaka 1829, na kuwaondoa wachuuzi barabarani kukawa sehemu ya kazi ya askari hao. "Police" ikasomwa kinyumenyume, ikatoka "ecilop", ulimi ukailainisha kuwa "esclop", mwisho ikabaki "slop". Askari akionekana anakata kona, neno hilo fupi lilitosha kufanya magurudumu yaanze kusogea.

Hapo pana jambo linalonivutia sana. Mayhew aliandika kwamba ni kama mchuuzi mmoja tu kati ya kumi aliyejua kusoma. Mtu asiyejua herufi anageuzaje herufi? Kwa kweli wengi wao hawakuwa wakigeuza chochote. Walilikuta neno limeshageuzwa, wakalipokea zima zima kutoka kwa baba na kaka zao, wakalitumia. Hao wachache wenye kusoma huenda ndio waliokata vazi, lakini midomo ya walio wengi ndiyo iliyolishona likavalika. Ushahidi uko kwenye maneno yenyewe. Ukiigeuza "penny" herufi kwa herufi unapata "ynnep", kitu ambacho hakitamkiki. Mtaa ukakipa irabu, kikawa neno.

Msomaji wa pwani atakuwa ameshakumbuka Kinyume. Askofu Edward Steere, aliyeishi Unguja katika karne hiyo hiyo, alikieleza katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili: silabi ya mwisho ya neno inaletwa mwanzo. Kwa kanuni hiyo nyumba inakuwa "mbanyu" na samaki anakuwa "kisama". Shabaha ni moja na ya wale wa London, ila kisu kinapita mahali pengine. Silabi za Kiswahili ziko wazi, sikio linazihesabu bila kwenda shule, kwa hiyo hata mtoto ambaye hajashika kalamu anaweza kucheza. Kiingereza kimejaa maneno ya silabi moja yaliyobanwa na konsonanti huku na huku, mfano "fish" au "street", na neno la silabi moja halina silabi ya mwisho ya kuhamisha. Ndiyo maana wachuuzi walilazimika kupitia kwenye herufi.

Vijana wa Nairobi wameonyesha njia ya tatu. "Story" ya Kiingereza kwanza inavishwa sauti za Kiswahili, inakuwa "stori", silabi mbili zilizo wazi. Ikishakuwa hivyo, Kinyume kinaifaa. Ndipo Sheng, lugha yao ya mitaani, ikapata "risto", na leo mtu anaombwa alete risto bila yeyote kukumbuka kwamba hapo neno la Waingereza limekutana na kanuni ya waliomfundisha Askofu Steere.

Njia nyingine ya Kiingereza ni ya watoto, nayo ndiyo maarufu kuliko zote duniani. Wanaiita Pig Latin, Kilatini cha nguruwe, ingawa haina uhusiano wowote na Kilatini. Konsonanti zote zilizotangulia irabu ya kwanza zinapelekwa mwisho wa neno, halafu inaongezwa "ay". "Pig" inakuwa "igpay". "Street" inakuwa "eetstray", na hapa ndipo wanaisimu walipotega sikio. Mtoto wa miaka saba haondoi "s" peke yake. Anazichukua "s", "t" na "r" kwa pamoja, kama furushi moja, na hakuna aliyemwambia kwamba ni furushi moja. Mchezo wa uwanjani umetoboa tundu la kuchungulia jinsi silabi ilivyogawanyika kichwani mwa mzungumzaji: kichwa cha konsonanti upande mmoja, irabu na mkia wake upande wa pili. Wataalamu wanaweza kutumia miezi maabara kutafuta kitu cha namna hiyo, na watoto wanakitoa bure wakiwa wanarushiana mpira.

Hollywood nayo iliuchukua mchezo huo. Katika filamu ya Gold Diggers of 1933, wakati Marekani imezama katika mdororo mkubwa wa uchumi, Ginger Rogers anaimba wimbo wa kushangilia fedha, na katikati anageukia Pig Latin huku kamera ikisogea hadi uso wake unajaza skrini. Anayatiririsha maneno yale bila kupepesa. Watazamaji walijua kanuni, wengi waliicheza utotoni, na bado ubeti ulikuwa umeshapita kabla hawajaukamata.

Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike. Kanuni za lugha hizi ni dhaifu mno. Pig Latin inaelezeka kwa dakika moja, na Kinyume kwa nusu yake. Kama siri ingekuwa ndani ya kanuni, polisi wa London wangeipata siku ya kwanza kazini. Lakini aliyeambiwa kanuni leo ataketi jioni nzima kufasiri sentensi tatu, wakati wenyewe wanaongea mfululizo, wanameza nusu ya maneno, wanacheka, wanaendelea. Ukuta ni kasi, na kasi haiuzwi wala haiandikwi kwenye karatasi. Inapatikana kwa kukaa na watu wale wale, kwenye kazi ile ile, miaka na miaka. Lugha ya siri inamtambua aliyekuwepo na kumwacha nje asiyekuwepo, hata kama huyo wa pili ana akili kuliko wote.

Mabucha waliirithi lugha ya kugeuza kutoka kwa wachuuzi, wakadumu nayo hadi ndani ya karne ya 20. Duka la nyama ndiyo mahali pake hasa. Wateja wamejipanga mbele ya kaunta, kila mmoja anasikia kila kitu, na muuzaji anahitaji kumwambia kijana wake atoe nyama ya jana kabla ya ile ya leo. "Old" ni "delo", "man" ni "nam", "cow" ni "woc". Mabucha wa Australia nao walikuwa nayo, na waliiita "rechtub klat", yaani mazungumzo ya bucha, "butcher talk", yakisomwa kutoka nyuma. Mwanagenzi hakukalishwa darasani. Alisimama na kisu, akaambiwa haraka, na mteja alikuwa anasubiri.

London hiyo hiyo ilizaa na ujanja mwingine, wa vina. John Camden Hotten, aliyechapisha kamusi ya lugha za mitaani mwaka 1859, aliuweka humo pamoja na ile lugha ya kugeuza, akieleza kwamba ulikuwa bado mchanga. Unachukua neno, unatafuta kifungu cha maneno kinachomalizikia kwa kina kile kile, halafu unakitumia badala yake. Ngazi, "stairs", zinakuwa "apples and pears", matufaha na peasi. Miguu, "feet", inakuwa "plates of meat", sahani za nyama. Hadi hapo ni utani mtupu, mtu yeyote mwenye sikio la vina atang'amua. Mlango unafungwa katika hatua inayofuata, pale sehemu yenye kina inapodondoshwa. Kutazama, "look", kuliwekewa "butcher's hook", ndoana ya bucha. Kisha "hook" ikaachwa. Mtu wa London mashariki akikuambia umpe nafasi apige "butcher's", kina hakipo tena na kamba ya kukurudisha kwenye maana imekatwa. Vivyo hivyo kichwa, "head", kikapitia mkate, "loaf of bread", kikaishia kuwa "loaf". Rafiki, "mate", akapitia sahani ya kauri, "china plate", akaishia kuwa "china".

Kwa kuwa kamba imekatwa, maneno haya yameingia hadi kwenye sebule za wenye heshima zao bila kugongewa mlango. Waingereza wanapotoa ile sauti ya kubeza kwa kutoa ulimi nje na kupuliza, husema wamepuliza "raspberry". Wanaisema mbele ya wakwe. Asili yake ni "raspberry tart", andazi la matunda, lililochaguliwa kwa sababu linapatana kwa kina na neno la Kiingereza la ushuzi.

Mchezo wa vina haukukoma kuzaa, kwa sababu unakula majina ya watu maarufu. Ruby Murray, mwimbaji wa Belfast aliyetikisa Uingereza mwaka 1955, aliacha jina lake kwenye mchuzi wa bizari, "curry", na wapo wanaoagiza "ruby" leo ambao hawajawahi kuisikia sauti yake. Mwaka 2009 mashine kadhaa za kutolea fedha London mashariki ziliwekewa lugha hiyo kama chaguo kwenye skrini, zikimwita mteja achukue "sausage and mash", soseji na viazi vya kuponda, kwa maana ya "cash". Watu walifurahi, magazeti yakaandika. Mimi naona siku hiyo ilitangazwa hadharani kwamba lugha imetoka mikononi mwa wenyewe. Mwaka uliofuata mwanaisimu Paul Kerswill alikadiria kwamba Kiingereza cha Cockney, lahaja iliyobeba mchezo huo, kingetoweka katika mitaa yake ya asili ndani ya miaka 30, kwa kuwa familia nyingi za zamani zilishahamia pembezoni na vijana wa mitaa ile, wenye asili ya Bangladesh, Karibi na Afrika, wanajenga namna yao mpya ya kusema. Nao, bila shaka, wana maneno ambayo mashine ya benki haiyajui.

Kuna lugha moja ambamo kuchezea maneno kulikuwa suala la jela au uhuru. Hadi mwaka 1967, sheria za Uingereza zilimfunga mwanamume aliyepatikana na hatia ya uhusiano wa kimapenzi na mwanamume mwenzake, hata kama ni faraghani. Polisi walivaa kiraia na kuwatega watu kwenye baa. Wengi wa wanaume hao walifanya kazi kwenye maonyesho ya jukwaani na kwenye meli, na huko walikuwa wakitumia Polari, lugha iliyookoteza maneno ya Kiitaliano, ya Waromani, ya mabaharia, na ya kugeuza. Uso, "face", ukageuzwa "ecaf", ukakatwa ukawa "eek". Nywele, "hair", zikawa "riah". Mtu aliingiza neno moja katikati ya maongezi ya kawaida na kutazama. Mwenzake akilijibu, wamejuana. Asipolijibu, hakuna kilichosemwa.

Kisha ikaja redio. Kati ya mwaka 1965 na 1968, BBC ilirusha kipindi cha vichekesho, Round the Horne, ambacho ndani yake wahusika wawili, Julian na Sandy, walimwaga Polari kwa mamilioni ya familia zilizokuwa zimeketi nyumbani Jumapili. Waliochekeshwa walikuwa wengi, na walioelewa kila kitu walikuwa wachache, lakini neno likishatoka redioni halirudi mafichoni. Sheria ikabadilika katika miaka hiyo hiyo. Miaka ya 1970 vijana waliona hawana haja nayo tena, na wazee wakaanza kuondoka nayo.

Hata hivyo, ukiniuliza ni ipi inayonishangaza kuliko zote, nitakupeleka Boonville, kijiji kilichoko kwenye bonde la Anderson, zaidi ya kilomita 150 kaskazini ya San Francisco. Mwishoni mwa karne ya 19 bonde hilo lilikuwa limezungukwa na milima, njia mbaya, watu wakifuga kondoo na kulima matufaha. Hapo wenyeji wakajitengenezea Boontling, yenye maneno na misemo zaidi ya elfu moja. Haina kanuni ya kugeuza wala ya vina. Ufunguo wake ni majirani.

Chukua kikombe cha kahawa. Kwa Boontling ni "horn of zeese". "Horn" ni pembe, yaani chombo cha kunywea. "Zeese" ni mtu: mpishi ambaye herufi za mwanzo za majina yake zilikuwa Z na C, na ambaye kahawa yake ilikuwa kali kiasi cha kupewa jina lake. Simu ya kulipia ni "buckey walter": "buckey" ni sarafu ya senti tano, Walter ni mkazi wa kwanza wa bonde kuwa na simu. Moto mkubwa ni "jeffer", kwa heshima ya mwenye hoteli aliyependa kujaza magogo mekoni. Divai ni "frati", jina la mzee mwenye shamba la mizabibu. Daktari ni "shoveltooth", jino-koleo, kwa sababu daktari mmoja wa pale alikuwa na meno yaliyochomoza mbele. Mtu wa mjini ni "bright lighter", wa taa kali. Kuongea ni "harp", na chakula kizuri ni "bahl gorms".

Lete kamusi yote, mlete mtaalamu wa kuvunja misimbo ya kijeshi, hataambulia kitu. Hakuna fomula ya kugeuza daktari kuwa jino-koleo. Ilibidi uwe umeugua Boonville, ukaletewa daktari yule, akakuinamia. Boontling ni kumbukumbu za kijiji zilizogeuzwa kuwa msamiati, na kila neno linadai ushahidi kwamba ulikuwepo au uliketi miguuni pa aliyekuwepo. Charles C. Adams, aliyeitafiti na kuiandikia kitabu mwaka 1971, alikuta wasemaji wengi wameshazeeka. Barabara nzuri zilifika, vijana wakaondoka kutafuta kazi, na wageni wakahamia ambao Walter wala mpishi wa kahawa hawakuwahusu. Maneno machache yanaishi kwenye chupa za kiwanda cha bia cha pale, na watalii wanayapiga picha. Kwenye chupa neno linasomeka, lakini mpishi wa kahawa hayumo.

Kusini ya Marekani mchezo wa herufi ulikuwa na kazi nzito kuliko hizi zote. Mwaka 1740 koloni la South Carolina lilipitisha sheria iliyokataza kumfundisha mtumwa kuandika, na faini yake ilikuwa pauni 100. Baada ya uasi wa Nat Turner huko Virginia mwaka 1831, majimbo mengine yalikaza kamba zaidi. Katika familia za Wamarekani weusi kumepokezanwa lugha inayoitwa Tut, na wazee husimulia kwamba mababu zao waliitumia kufundishana herufi bila bwana kujua.

Ukiitazama kwa karibu unaona kwa nini simulizi hiyo ina uzito. Irabu zinabaki zilivyo, na kila konsonanti inapewa silabi yake. B ni "bub", D ni "dud", M ni "mum", N ni "nun". "Man" inatamkwa "mum-a-nun", na "bad" inatamkwa "bub-a-dud". Pig Latin unaicheza kwa sikio tu. Tut huwezi. Kila neno unalolisema umelitaja herufi kwa herufi, kwa mpangilio wake, kwa sauti, mbele ya yeyote aliyeko, wala hakuna kitabu, wala kalamu, wala ubao wa kukamatwa nao. Mama anayemwambia mwanawe akalete maji amempa somo la tahajia. Mimi siijui njia nyingine ya kufundisha kusoma iliyofichwa vizuri kiasi hicho, na nikifikiria hatari waliyokuwa nayo walioibuni nawastahi kuliko maprofesa wengi.

Maya Angelou, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu utoto wake, anasimulia jinsi yeye na rafiki yake walivyohangaika kujifunza Tut wakiwa wasichana wadogo Arkansas, wakijiona wamewazidi wenzao wenye Pig Latin. Utumwa ulikuwa umekwisha zamani, lugha ikawa ya watoto wawili walioketi kivulini, lakini bado ilikuwa inapita kutoka mdomo hadi mdomo.

Miaka ya hivi karibuni, hasa mwaka 2021, vijana weusi wa Marekani waliirudisha Tut kupitia video fupi za mitandaoni na madarasa ya mtandao. Mara moja ukazuka ubishi: je, ifundishwe hadharani, watu wote waione, au ibaki ndani? Wapo waliofunga madarasa yao na kumuuliza kila anayebisha hodi yeye ni nani na anatoka wapi. Wengine waliwaona wachoyo. Nasimama na waliofunga mlango. Polari ilikwenda redioni, vina vya London vikaishia kwenye mashine ya fedha, na hakuna mwenyewe aliyeulizwa. Hawa wana haki ya kuulizwa.

Ubishi wa pili umenifurahisha zaidi. Orodha za silabi zilipoanza kuwekwa mbele za watu, ilionekana hazilingani. Herufi C kwa familia hii ina silabi moja, kwa familia ile nyingine kabisa. H na W nazo vivyo hivyo. Herufi mbili zinazofuatana, kuna wanaozitaja kwa neno maalumu na kuna wanaorudia silabi mara mbili. Mjukuu wa Georgia anamwambia mjukuu wa Louisiana kwamba amekosea, naye anajibiwa kwamba bibi hawezi kukosea. Wanabishana kwa Tut.